Tulirudi kambini tukakuta visiki

Mwezi huu nafasi yote ya safu hii nimeipa barua tatu, moja ndefu na mbili fupi, kwa kuwa zote zinahusu kupiga kambi milimani na miti iliyokatwa. Barua ndefu nimeipunguza kidogo kwa idhini ya aliyeiandika.

SWALI

Shikamoo mzee wa safu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Tanga mjini. Mwaka 2003, mimi na mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa bado mchumba, tulipiga kambi kwa mara ya kwanza katika Milima ya Usambara Magharibi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Lushoto. Jina la mahali penyewe naomba nisilitaje. Njia ya kwenda huko ilipita katikati ya misaiprasi iliyopandwa kwa mistari, ambayo wakati ule ilikuwa na kimo cha kama watu watatu waliopandana mabegani, kisha ikaingia katika msitu wa asili wenye kiza na baridi, na baada ya kuvuka kijito ikafika kwenye uwanja mdogo tambarare chini ya mti mmoja mkubwa ambao mwenyeji wetu aliuita mkulo. Tulifunga turubai kwenye matawi ya vichaka vilivyokuwa karibu nao, tukapanga mafiga baina ya mizizi yake, na alfajiri tukaamshwa na mbega waliokuwa wakiunguruma juu yetu. Tangu hapo tumerudi mara saba. Watoto wetu wote watatu wamelala pale wakiwa bado wananyonya, na majina yetu sote watano tuliyachonga kwenye gome la mti ule.

Kwa sababu ya kazi, na baadaye maradhi ya mama yangu, hatukwenda kwa miaka sita. Tulirudi Septemba 2024. Misaiprasi yote haikuwapo. Kilima kizima kilikuwa wazi, na katikati ya visiki kina mama walikuwa wakipalilia maharage na viazi mviringo. Tuliendelea kupanda tukijipa moyo kwamba kule juu kumesalimika, lakini tulipovuka kijito, ambacho maji yake sasa yalifika kwenye kifundo cha mguu tu, tukakuta mkulo wetu umeangushwa. Kisiki kilikuwa na kimo cha kiuno changu. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na shimo refu mithili ya kaburi, likiwa na magogo mawili yaliyolazwa juu yake, na ndani yake unga wa mbao ambao bado ulikuwa ukinukia. Mabanzi yalikuwa yametapakaa kote. Mafiga yetu matatu yalikuwa palepale, meusi kwa masizi. Binti yangu wa kati, mwenye umri wa miaka 13, alikaa juu ya figa moja akalia, nami sikuwa na neno la kumwambia. Hatukulala. Tuligeuza siku ile ile.

Naomba unisaidie. Waliofanya hivyo wana haki kisheria, na kama hawana, tumwendee nani? Watoto wameotesha miche 40 ya mgrivea kwenye makopo nyumbani, na wanataka tukaipande pale kambini. Je, ni jambo jema? Na mume wangu anasema tutafute mahali pengine kwa kuwa pale pamekwisha. Wewe unaonaje?

Msomaji, Tanga

JIBU

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu mara ya kwanza hasira ilinizuia kuona kilichoandikwa. Niliposoma kwa kalamu nikatambua kwamba siku ile mliona mambo mawili yasiyohusiana, mkayafunga katika furushi moja la huzuni. Ninakuomba tulifungue furushi hilo, kwa kuwa jibu la swali lako la kwanza linategemea ni visiki vipi unavyovizungumzia.

Tuanze na misaiprasi. Ile haikuwa msitu wa asili bali shamba, ingawa ni shamba lenye mimea mirefu kuliko nyumba. Mti huo asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na uliletwa katika milima yetu wakati wa ukoloni kwa ajili ya mbao. Serikali inayo mashamba ya namna hiyo katika nyanda za juu nyingi za nchi hii, na katika wilaya ya Lushoto lipo Shamba la Miti la Shume, ambako misaiprasi na misindano hupandwa kwa vitalu, hupogolewa, hupunguzwa, na mwishowe huvunwa kitalu kizima kwa mara moja. Misindano na misaiprasi huwa tayari kwa msumeno ikiwa na umri wa kati ya miaka 18 na 30, kutegemea aina ya mti, rutuba ya mahali na matumizi ya mbao. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Mwaka 2003 miti ile ilikuwa na kimo cha watu watatu, yaani takribani mita tano, jambo linaloonyesha kuwa ilikuwa na umri wa miaka mitano au sita hivi. Ikiwa ilipandwa karibu na mwaka 1998, basi mwaka 2024 ilikuwa imekwisha kufika umri wake. Ninyi mliizoea kama mandhari, lakini aliyeipanda alikuwa na tarehe ya kuikata tangu siku ya kwanza.

Wale kina mama uliowaona wakipalilia hawakuvamia. Kitalu kikishavunwa, wakazi wa vijiji vya jirani huruhusiwa kulima maharage, viazi au mahindi katikati ya visiki kwa miaka michache ya mwanzo, na kwa malipo ya ardhi hiyo huipalilia pia miche mipya ya miti hadi itakapowazidi kivuli. Kama ungeinama ungeiona miche hiyo, imepangwa mistari kama ile ya kwanza, haizidi kimo cha goti, ikiwa imejificha kwenye majani ya viazi. Mwanao wa mwisho atakapokuwa na watoto, njia ile itakuwa na kivuli tena. Sisemi kwamba kilima kilichovunwa kinapendeza, kwani hakuna kitu kinachochusha kama mteremko wa visiki wakati wa kiangazi, na mvua kubwa ya kwanza ikiukuta udongo uko wazi hushuka nao hadi bondeni. Lakini hapo hapana mwizi wa kumtafuta.

Isitoshe, biashara ya mbao katika milima hiyo haikuanza jana. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni moja ya Kijerumani ilijenga njia ya kamba za chuma iliyotundikwa hewani kutoka Shume hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga, kwa ajili ya kuteremsha magogo ya mtarakwa, mti wa kiasili wa milimani, ambayo barabara za milimani zisingeweza kuyabeba. Mtu anayesimama leo kwenye ukingo wa Shume na kutazama nyika iliyo chini yake, zaidi ya mita elfu moja, hupata shida kuamini kwamba miti ilipitishwa hewani pale. Mtarakwa mkubwa umekuwa mti wa kutafutwa tangu wakati huo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupandwa kwa misaiprasi, ili wenye haja ya mbao wawe na mahali pengine pa kuzipata.

Mkulo ni habari tofauti kabisa.

Kisiki ni kama barua, na ulichokieleza kinasomeka. Anayevuna kwa kibali hukata chini kabisa, karibu na ardhi, kwa sababu amelipia mti mzima na kila sentimita ya gogo ni fedha yake. Anayekata kwa kuibia hukata pale ambapo mkono unafika bila kuinama, kwa kuwa anataka kuondoka mapema, na kwa mti wenye mizizi mipana kama mkulo hukata juu ya mapana hayo ili msumeno wa mkono uweze kupita. Shimo ulilolifananisha na kaburi ni shimo la kupasulia. Gogo hulazwa juu yake, mpasuaji mmoja husimama juu ya gogo na mwenzake huingia shimoni, wakavuta msumeno mrefu juu na chini siku kutwa, unga ukimwangukia machoni yule wa chini. Kazi hiyo ni ngumu, na anayeweza kutumia mashine asingeichagua, lakini msumeno wa mnyororo husikika ng'ambo ya bonde, ilhali ule wa mkono hausikiki hata kutoka njiani. Mbao zikishapasuliwa hubebwa begani usiku, mbili mbili au tatu tatu. Ndiyo maana uliyakuta mabanzi na unga, na hukutaja alama ya gari.

Kwa nini mti huo hasa? Mbao ya mkulo ina harufu kama ya kafuri, mchwa hauipendi, na fundi akiipiga randa hung'aa bila mafuta mengi. Vitanda, milango na masanduku ya mkulo hurithiwa. Mti wenyewe hukua polepole mno, na ule ambao watu wawili hawawezi kuukumbatia ulikuwapo kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Kuhusu sheria, jambo la kwanza ni kujua msitu ule ni wa nani. Chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, ipo misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ipo ya halmashauri za wilaya, ipo ya vijiji, na ipo ya watu binafsi. Juu ya Lushoto kuna pia Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, ambayo ni daraja la ulinzi mkali zaidi, ambamo uvunaji wa mbao hauruhusiwi kabisa. Katika hifadhi yoyote, kukata mti bila kibali ni kosa, na kusafirisha mbao bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu ni kosa jingine linalojitegemea. Mbao halali hugongwa nyundo yenye alama ya serikali, na mara nyingi kisiki nacho hugongwa. Hukutaja alama yoyote, nami nahisi hapakuwapo, lakini mkirudi kitazameni kisiki kwa makini kabla ya kumtuhumu mtu.

Baada ya hapo nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji kilicho karibu na msitu, mkaombe kuonana na kamati ya maliasili ya kijiji, kwa kuwa katika misitu mingi ya milima hiyo wanakijiji hushirikiana na serikali katika doria, na wao ndio wanaojua mbao hutoka kwa njia ipi. Kisha pelekeni taarifa ya maandishi katika ofisi ya misitu inayohusika. Taarifa yenye maana haihitaji kurasa nyingi. Taja siku mliyopaona, nukta ya mahali kama simu yenu ilivyoonyesha, mzingo wa kisiki kwa sentimita, idadi ya mashimo, na picha tatu au nne. Ombeni nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Msiwafuate wakataji wenyewe, na mkiwakuta kazini salimieni mpite. Mtu mwenye panga aliyeshikwa na hofu si mtu wa kuelimishwa juu ya mazingira.

Hapa inanibidi niseme neno ambalo pengine hukulitarajia. Majina matano kwenye gome, na mafiga baina ya mizizi mara nane kwa muda wa miaka kumi na tano, nayo ni majeraha. Hayakuuangusha mti ule, na siyafananishi na msumeno, lakini gome likikatwa ni mlango ulioachwa wazi kwa kuvu na wadudu, na moto wa mara kwa mara huchoma mizizi midogo iliyo karibu na uso wa udongo. Mimi mwenyewe nilichonga jina langu kwenye mti nikiwa kijana, na nikipita pale huwa natazama upande wa pili. Siku hizi mwenye kwenda kambini hubeba jiko dogo la gesi, na anayehitaji moto wa kuota huununua mzigo wa kuni za miwati kijijini kabla ya kupanda.

Sasa miche ya mgrivea. Wapongeze watoto kwa niaba yangu, kisha uwaambie wasiipande pale. Mgrivea ni mti mzuri wa shambani, uliotoka Australia, unaokua haraka na kuvumilia kupogolewa, lakini ndani ya msitu wa asili ni mgeni, na wageni katika misitu ya Usambara wana historia mbaya. Kule Amani, Usambara Mashariki, uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20 mti uitwao Maesopsis eminii, ambao asili yake ni misitu ya kuanzia ukanda wa Ziwa Victoria hadi Afrika Magharibi, na ambao Waganda huuita musizi. Baadaye ulipandwa kwa wingi kuziba mapengo yaliyoachwa na wakataji wa mbao. Hondohondo waliyapenda matunda yake, wakazisambaza mbegu kila palipokuwa na mwanya, na katika miaka ya 1980 wataalamu walikuwa wakijadiliana kwa wasiwasi kuhusu msitu ambao vijana wake wote walikuwa wa ukoo mmoja wa kuhamia. Nia ilikuwa njema, kama ilivyo ya watoto wako.

Kuna habari njema ambayo watu wengi hawaijui. Mkulo hauoti kwa urahisi kutokana na mbegu, kwa sababu mbegu nyingi hushambuliwa na wadudu zingali mtini na zilizobaki hupoteza uhai upesi, lakini mizizi yake na kisiki chake huchipua. Mti mkubwa ukianguka na mwanga ukafika ardhini, machipukizi hutokea kukizunguka kisiki, na mengine hutokea mita kadhaa kutoka hapo, yakifuata mzizi uliolala chini ya majani makavu. Mlipokaa pale mkilia, yawezekana kabisa kwamba tayari yalikuwapo, mekundu kidogo kwenye ncha, nanyi hamkuwa na macho ya kuyaona. Kazi inayofaa kufanywa na familia moja, kwa idhini ya wenye msitu, ni kuyatafuta machipukizi hayo, kuondoa mitambaazi na vichaka vya miba vinavyoyasonga, na kuangalia yasikanyagwe. Uchague ya kuacha na ya kung'oa? Hapana, achia yote, msitu wenyewe utayapunguza. Ila hema lihamishwe hatua thelathini au arobaini kutoka kisikini, kwa maana uwanja mliouzoea ndio kitalu cha mti unaofuata.

Umegusia kijito. Misitu ya milimani inapofunikwa na ukungu hukamua maji kutoka hewani, kwani matone hunasa kwenye majani, kwenye kuvumwani (ukoga unaoota juu ya matawi) na kwenye magome, yakadondoka hata siku ambayo mvua haikunyesha, na kilima kinapopoteza miti mikubwa hupoteza pia kazi hiyo. Hata hivyo Septemba ni mwisho wa kipindi kikavu kabla ya vuli, na maji ya kifundo cha mguu mwezi huo si ushahidi wa kutosha. Mlipokwenda zamani mlikwenda miezi gani? Kama ilikuwa Juni, mara baada ya masika, basi mnalinganisha vitu viwili visivyolingana.

Limebaki neno la mumeo. Ana haki ya kusema pale pamekwisha, kwa sababu mahali alipopapenda hapatarudi katika umri wake wala wako. Kwa hesabu ya mkulo, hapatarudi hata katika umri wa wajukuu zenu. Mimi nisingekwenda nikitafuta kilichokuwapo. Lakini ningekwenda, tena mara mbili kwa mwaka, kwa sababu shimo la kupasulia huchimbwa mahali ambapo mchimbaji ana hakika kwamba hapiti mtu kwa wiki mbili. Familia inayopita getini, ikalipa ada ya kuingia na ya kambi, ikaandika majina yake daftarini badala ya gomeni, huifanya hakika hiyo ipungue. Ninyi mlikaa miaka sita bila kwenda, na silisemi hilo kwa kukulaumu, mama, maana ulikuwa ukimuuguza mzazi.

Binti yako mpe kipimo cha fundi cherehani na daftari, na mrudi naye Januari baada ya mvua za vuli. Apime mzingo wa kisiki, ahesabu machipukizi, aandike kimo cha kila moja. Akitaka kulia tena, mwache alie kwanza.

SWALI

Mimi ni mwalimu katika kaunti ya Nyeri, na kila likizo ya Agosti huwapeleka wanafunzi wa klabu ya mazingira kupiga kambi ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya. Mwaka huu tulikuta eneo kubwa limekatwa karibu kabisa na kambi yetu. Tuliambiwa kwamba marufuku ya kukata miti imeondolewa. Je, ni kweli, na ina maana kwamba sasa mti wowote unaweza kukatwa?

Mwalimu, Nyeri

JIBU

Ni kweli kwa sehemu, Mwalimu. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mwezi Februari 2018, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuiondoa. Kilichokusudiwa ni miti ya kupandwa iliyokomaa katika mashamba ya serikali, yaani misaiprasi na misindano kama ile ya msomaji wetu wa Tanga. Miti ya kiasili haimo katika ruhusa hiyo. Kwa hiyo waulize wanafunzi wako swali lilelile: visiki viko kwenye mstari, au vimetawanyika?

Mlima wenu una kumbukumbu chungu ya visiki vilivyotawanyika. Sehemu ya juu imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1949, na mwaka 1997 mlima uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, lakini msitu uliouzunguka uliendelea kuliwa. Mwaka 1999 ulifanyika uchunguzi kwa ndege, na walioangalia kutoka juu waliona yale ambayo mtu wa chini hayaoni kwa sababu ya ukuta wa miti iliyoachwa kando ya barabara: maelfu ya miti ya kiasili iliyokatwa, ikiwemo muthaiti, ambao ni mkulo huohuo kwa Kikuyu, pamoja na matanuri ya makaa na mashamba ya bangi. Mwaka uliofuata msitu huo ulikabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Kabla ya likizo ijayo nenda katika kituo cha misitu kilicho karibu, na uwaone pia viongozi wa chama cha misitu cha jamii, ambacho sheria ya mwaka 2016 inakitambua, uwaulize vitalu vitakavyovunwa mwaka huo. Utaepuka kulaza watoto mahali ambapo malori ya magogo yanapita alfajiri.

SWALI

Mimi ni mkulima wa Lushoto, nimezaliwa ukingoni mwa msitu. Wageni wanaokuja na mahema hupita kijijini kwetu wakituuliza kwa nini tunamaliza miti. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninapikia nini. Shamba langu halifiki ekari moja, nimeligawa na ndugu zangu wawili, na kuni kavu msituni tunaruhusiwa siku maalumu tu. Waandikie hao wasomaji wako.

Mkulima, Lushoto

JIBU

Nimewaandikia, ndugu yangu, barua yako nimeichapa bila kupunguza neno. Milima yenu ina watu wengi juu ya ardhi ndogo, na anayefika na hema la laki kadhaa ili akalale mahali ambapo jirani yako anakatazwa kuokota kuni hana budi kuwa na adabu ya kusalimia kwanza. Nami nitaongeza jambo moja ambalo unalijua kuliko mimi, kwamba mwenye kupasua mkulo usiku si mama wa kuni. Mbao zile haziishii kijijini kwenu, ila doria inapofika, wanaoonekana ni ninyi. Ndiyo maana kamati ya kijiji ni ngao yenu kabla ya kuwa ngao ya msitu.

Kuhusu kuni, kwenye shamba lisilofika ekari moja sitakushauri upande msitu. Mipaka mitatu ya shamba na kingo za matuta zinatosha kwa migrivea iliyopandwa kwa nafasi ya hatua tatu tatu. Baada ya miaka michache utaanza kupogoa matawi kila mwaka, mama watoto atapata kuni bila kwenda msituni, na shina litabaki likinenepa kwa ajili ya mbao.

Na hapa ndipo ninapoirudia ile miche 40 iliyo kwenye makopo huko Tanga. Msomaji wetu ana miche asiyo na mahali pa kuipanda, nawe una mipaka isiyo na miti. Mkikubali nyote wawili, niandikieni kila mmoja peke yake nami nitawaunganisha bila kuchapa majina. Ila msikawie, kwa sababu mche wa kopo haungoji: mizizi ikishafika chini huanza kujizungusha kama kamba ndani ya ndoo, na mti wa namna hiyo hata ukishika huja kuangushwa na upepo. Mche ukizidi kimo cha goti ndani ya kopo ni bora kuotesha upya. Upandwe mvua zikishalowesha udongo kwa kina cha kiganja, kopo lipasuliwe badala ya kuvutwa, na shimo lisizibwe kwa mguu bali kwa mkono.